Baka Lisilotoka Jasho

Kazi yangu ni kutengeneza ngozi. Hapa Garsen ukisema hivyo watu hukuuliza unazinunua wapi na kama unachukua na za mbuzi. Ngozi ninazotengeneza mimi ni za watu wasiokuwepo, wale watu wa kompyuta unaowaona kwenye michezo ya simu na video za mafunzo, wanaotembea na kusema kama sisi. Mwenzangu mmoja huchonga umbo, mwingine hulitia mwendo, na mimi hulivika ngozi. Nafanyia kazi hiyo katika chumba kilicho nyuma ya duka la nafaka, nikiitumikia kampuni ndogo ya Nairobi ambayo ofisi yake nimeingia mara chache tu.

Walinichukua kwa sababu ngozi za watu weusi zilikuwa zikiwatoka vibaya. Walikuwa wanachukua ngozi ya mzungu na kuikoleza, kama mtu anayeongeza majani kwenye chai ya maziwa. Lakini ngozi yetu haiko hivyo. Vifundo vya vidole ni vyeusi kuliko mkono, kiganja kina rangi yake na mistari yenye rangi nyingine, magoti yana historia. Ukioga usijipake mafuta, miguu inapauka. Ukilima juani, jasho linaanza kung'aa kwenye paji la uso, kisha mabegani. Mimi nilikuwa nikiwaomba majirani wanipe viwiko na shingo zao niwapige picha, nao wakicheka wananipa.

Nasema haya yote ili ujue kwamba mtu aliyepatwa na ugonjwa nitakaousimulia ni mtu ambaye riziki yake ni kuangalia ngozi. Na bado sikuona.

Kilikuwa kiangazi. Msimamizi wangu, dada mmoja aitwaye Wambui, alikuwa ametaka mwanamke mkulima, mikono wazi, ametoka shambani. Nikaona badala ya kusumbua watu nijitumie mwenyewe. Nilitwanga mpunga uani hadi nikalowa, kisha mume wangu, Jilo, akanipiga picha za mikono kwa kila upande. Nilipozifungua kwenye kompyuta niliona mkono mzima wa kushoto unang'aa kwa jasho isipokuwa mahali pamoja chini ya kiwiko, pana kama kiganja cha mtoto. Pale palikuwa pamefifia na pakavu. Hata malaika, vile vinywele vyembamba vya mkononi, havikuwepo. Nikadhani ni kosa la mwanga. Nikachukua kalamu ya kuchorea, nikanakili ngozi ya pembeni, nikapaziba na kupatia jasho lake. Wambui akaniandikia kwamba mkono ule ndio bora niliowahi kumpa.

Kwa hiyo baka langu la kwanza nililifuta kabla sijalijua.

Nilipoliona mwilini, siku kadhaa baadaye, nilikwenda kwenye duka la dawa nikapewa mafuta ya mba. Nikayapaka kiangazi kizima. Masika ikaingia, baka likabaki, na lingine likatokea mgongoni. Halikuwasha wala kuuma, na kitu kisichouma ni rahisi kukisamehe.

Aliyenishtua ni mama mkwe. Tulikuwa kwake Idsowe, napika wali jikoni huku namsimulia habari za mjini. Nilikuwa nimeinama kuchukua mwiko. Akapiga kelele, "Rehema! Mkono!"

Mkono wangu ulikuwa umeegemea sufuria iliyo motoni. Niliuvuta kwa sababu ya sauti yake. Moto wenyewe sikuusikia. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba lengelenge. Mama mkwe alinimwagia maji, akanikalisha chini, akautazama mkono kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza pembeni ya lengelenge kwa ukucha.

"Wasikia?"

"Hapana, mama."

Akaniachia mkono polepole. "Huu si mba," alisema. Jioni ile nilimwona akizungumza na Jilo kando ya zizi la kuku, na Jilo ameshika kichwa.

Tulikwenda hospitali moja kando ya mto. Ningependa mtu anayesoma haya akiwa na hofu ajue jinsi kipimo chenyewe kilivyo kidogo. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alisokota kipande cha pamba mpaka kikawa na ncha kama uzi.

"Fumba macho, mama. Kila nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nilipogusa."

Nikaonyesha shavu. Nikaonyesha bega. Nikaonyesha goti. Kisha nikangoja. Nje kulikuwa na mtu anafagia, nikausikiliza ufagio wake.

"Umeacha?" nikauliza.

"Sijaacha. Nimekugusa mkono mara nyingi. Fumbua macho."

Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, na pamba imelala juu ya baka.

Aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Ukoma. Alisema unatibika, dawa ni za mwaka mmoja, kila mwezi nije nichukue pakiti yangu na kumeza dozi ya kwanza mbele yake. Alisema mtu akishaanza dawa haambukizi wenzake. Jilo alikuwa kando yangu akitikisa kichwa kukubali kila neno, lakini kiti chake, niliona, kilikuwa kimesogea.

Kwenye benchi la nje ndipo nilipokutana na Dhahabo. Alikuwa mama wa Kiorma, mrefu, amejifunga shuka ya samawati, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefupika. Aliumwa zamani kabla ya kujua kuna dawa. Siku hizi anakuja kusafishwa kidonda cha mguu. Nilijikalisha mwisho kabisa wa benchi. Akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Wewe mara ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe nalia?"

"Silii."

"Wongo. Macho nyekundu." Akauchukua mkono wangu wenye baka, akauweka katikati ya mikono yake miwili kama mtu anayepasha moto yai. "Mimi nachelewa, ndio vidole naenda. Wewe nakuja na vidole yote. Sasa nalia nini?"

Tulikaa hivyo mpaka akaitwa. Tangu siku ile, kila mwezi, kama tarehe zetu zilikutana, tulikaa pamoja. Mwezi ambao hakuwepo, benchi lilikuwa refu sana.

Pakiti ya kwanza ilinigeuza mkojo ukawa mwekundu, na nisingekuwa nimeonywa ningedhani natoka damu. Pakiti ya tatu ikaanza kunigeuza mimi. Moja kati ya zile dawa hukoleza ngozi. Uso wangu, ambao nilikuwa naujua kama rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, ulianza kuwa mweusi wenye wekundu ndani yake, kama tofali lililozidi moto. Mabaka yenyewe yakawa meusi kuliko kote. Miguu ikakauka ikapasuka kama magamba ya samaki. Mimi ninayejua kutaja rangi za shavu moja nilikuwa nasimama mbele ya kioo bila jina la rangi ninayoiona. Sokoni wanawake waliniuliza kama nimejichubua nikaharibika. Niliwaambia ndiyo. Ilikuwa afadhali wafikirie hivyo.

Nyumbani mambo yalibadilika bila mtu kutoa amri. Kikombe changu kikawa kinakaa peke yake dirishani. Jilo akahamia mkekani sebuleni, akisema chumbani kuna joto, na kweli kulikuwa na joto, lakini hata kipupwe kilipoingia hakurudi. Mama mkwe alikuja kutoka Idsowe na kumchukua binti yetu, Salama, aliyekuwa hajaanza hata shule.

"Kwa muda tu, Mama Salama," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mpaka upone."

"Daktari amesema siambukizi tena, mama."

"Daktari hana mjukuu hapa."

Salama alinipungia mkono akiwa mgongoni kwa bibi yake. Sikumkumbatia, kwa kuwa niliona mama mkwe amejikaza akingoja nimwombe mtoto.

Kipupwe hicho ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Daktari alikuwa amenionya kwamba hata dawa ikifanya kazi, mishipa inaweza kuvimba, na nikiona hivyo nisisubiri tarehe. Nilisubiri. Kiwiko cha kushoto kiliuma kama jino bovu. Halafu siku moja nikiwa kazini, kalamu ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nilitazama vidole viwili vya mwisho vikiwa vimejikunja kama vinataka kulala, nikaviamuru vinyooke, navyo vikatetemeka tu. Nilianza kuona mbele yangu mikono ya Dhahabo.

Nikampigia Wambui simu. Nilikuwa nimepanga kusema nina malaria. Badala yake nilimwambia kila kitu.

"Rehema," akasema, "unaweza kupata mtu wa kukupeleka hospitali leo?"

"Leo?"

"Kazi iweke chini. Nenda leo."

Sijui kama anajua ni kitu gani alinifanyia. Daktari alinipa vidonge vingine vya kutuliza mishipa, nikavinywa kwa miezi, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo. Vilinivimbisha uso ukawa mviringo kama sinia. Nilikuwa nakula kama mtu aliyetoka kufunga na kisha nalia kwa sababu ya chochote, hata tangazo la redio. Lakini maumivu yakapoa, na kila asubuhi nilikaa nikinyoosha vidole vile viwili juu ya paja, kimoja baada ya kingine, kama daktari alivyonionyesha. Mwanzoni nilikuwa navinyoosha kwa mkono wa kulia. Baadaye vikaanza kufuata vyenyewe, kwa uvivu.

Dhahabo ndiye aliyenisaidia ngozi. Aliponiona nikijikuna miguu iliyopasuka, alifungua kibuyu kidogo alichokuwa nacho.

"Hii samli. Paka. Mafuta ya duka maji tupu."

"Mama, nitanuka kama zizi."

"Zizi nuka vizuri," alisema, na akacheka mpaka mtu wa karibu akageuka. Nilipaka samli yake kila nilipotoka kuoga, ngozi ingali na maji. Magamba yalilainika. Na ni kweli, nilinuka kama zizi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona ngozi yangu ni kitu cha kutunzwa.

Vuli ikaja na maji. Mto ulipasua kingo, ukaingia mashambani, na barabara ya kwenda hospitali ikazama kabla ya siku yangu ya kuchukua pakiti. Nilikuwa nimeshaamua kukosa mwezi ule. Asubuhi Jilo, ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine za maji za wakulima, alikuja kusimama mlangoni akiwa amekunja suruali hadi magotini.

"Vaa. Nimeazima mtumbwi."

"Maji yenyewe yana viboko, Baba Salama."

"Viboko nao wamehamia mashamba ya juu, mbali na njia yetu. Vaa."

Tulipita juu ya mashamba ya watu. Vichwa vya mahindi vilikuwa vimetokeza majini, na kwenye paa moja mbuzi walisimama wakitutazama. Jilo alikuwa akisukuma upondo, na mimi nimekaa mbele nikimpa mgongo. Katikati ya yale maji akasema, "Mimi niliogopa."

Sikugeuka.

"Daktari alisema nisiogope, nikamwamini, na bado nikaogopa. Kila usiku najiambia kesho nitarudi chumbani. Ikifika kesho naona aibu ya jana." Upondo ukaingia majini, ukatoka. "Nimekaa nayo kama mgeni asiyeaga."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia nini? Kwamba nakuogopa wewe?"

Tulipofika kwenye nchi kavu alishuka kwanza, akanishika mkono kunitoa. Ni mkono wa kushoto alioushika, palepale kwenye baka, na vidole vyake vyote vilikuwa vimeukamata. Sikuvihisi. Niliviona. Nikasimama nikiviangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kushuka mtumbwini, naye hakuviondoa.

Siku ile daktari alimpima Jilo kwa pamba ileile, akamkuta mzima. Akasema anataka kumpima na mtoto. Mafuriko yalipopungua, Jilo alikwenda Idsowe, na sijui alizungumza nini na mama yake, lakini walikuja wote watatu. Mama mkwe alisimama akiangalia Salama akifumba macho na kuonyesha kwa kidole, hapa, hapa, hapa, akicheka kwa kutekenywa. Mtoto alikuwa mzima. Kisha mama mkwe mwenyewe, bila kuombwa, akakunja mikono ya gauni na kumwambia daktari, "Na mimi." Naye alikuwa mzima. Jioni, kwetu, nilimwona akichukua kikombe changu dirishani, akakitia chai, na kunywa yeye. Hakuomba msamaha. Mimi sikuuhitaji tena baada ya hapo.

Kazini nilirudi polepole. Mkono ulikuwa unachoka upesi, na ule ujuzi wa kuchora kinyweleo kimoja kimoja ulikuwa umepotea kidogo. Mpaka leo kalamu naifunga kitambaa iwe nene. Lakini kitu kingine kilikuwa kimebadilika. Ukutani mwa hospitali kulikuwa na picha za magonjwa ya ngozi, na karibu zote zilikuwa za watu weupe. Baka lililo jekundu kwa mzungu, kwetu linafifia tu, linakuwa kama mahali jua lilipopasahau. Nilifikiria yule muuza dawa aliyenipa mafuta ya mba. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuonyeshwa.

Nikamwandikia Wambui kwamba nataka kutengeneza mwanamke mmoja wa kompyuta mwenye ukoma, ngozi yake kama ilivyo, ili wahudumu wa zahanati waweze kumgeuza, kumkaribia na kumtazama kwenye mwanga tofauti. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Jilo ndiye aliyesita.

"Mikono yako watu wanaijua, Rehema. Uliwapiga picha mji mzima, watajua ngozi ni yako."

"Nitampa sura nyingine."

"Sura isiwe yako kabisa?"

"Isiwe yangu kabisa."

"Basi mtengeneze."

Nilitumia picha zangu zote, zile za kabla na zile alizonipiga yeye baadaye, mgongo na mikono. Kila mkono wangu ulipotaka kulainisha kitu kwa mazoea, niliuzuia. Niliacha ukingo wa baka ufifie bila mpaka, kama ulivyo. Niliacha malaika ziishe pale zinapoishia. Sijawahi kufanya kazi iliyonichosha hivyo.

Nimemaliza dawa sasa. Rangi yangu inarudi, kwanza usoni, kisha mikononi; miguu inachelewa. Vidole viwili vinanyooka karibu kabisa. Kwenye mabaka sijapata hisia, na daktari hakuniahidi kwamba nitapata, kwa hiyo napika nikiwa nimevaa mikono mirefu na kila siku naukagua mkono kwa macho, kama mtu anavyomkagua mtoto aliyetoka kucheza. Kama wewe unayesoma una mahali pasipowasha, pasipouma, pasipotoka jasho, usipasamehe kwa upole wake. Nenda. Na kama umeshaenda na umerudi na jina hilo zito, tafuta benchi lenye mtu, ukae karibu naye.

Mwezi uliopita daktari aliniomba nilete yule mwanamke wa kompyuta awaonyeshe wahudumu. Nilifika mapema, nikakaa nje na kumfungua kwenye kompyuta yangu ya mapajani nihakikishe yuko sawa. Kando yangu alikaa mama mmoja Mgiriama, mkulima wa huko ndani, mtoto mgongoni. Nilimwona anachungulia. Nikamgeuzia kioo.

"Huyu ana nini?" akauliza.

"Ukoma."

Nikamgeuza yule mwanamke, mgongo ukaja mbele. Yule mama akasogeza uso, akatazama baka la mgongoni, kisha akaangalia lango la kutokea, kisha akatazama tena.

"Ni mtu huyu, ama ni kuchorwa tu?"

"Amechorwa."

"Basi si kweli." Akafunga vizuri kanga ya mtoto. Alikuwa anajiandaa kuinuka.

Niliangalia huku na huku. Benchi lilikuwa limejaa, na wawili kati ya waliokaa walikuwa watu wa Garsen walioniuzia mchele juzi. Nilifungua kifungo cha mkono wa gauni, nikaukunja mpaka juu ya kiwiko, nikauweka mkono wangu kando ya kioo, baka kando ya baka.

"Ni mimi," nikasema.

Alitazama baka moja, akatazama jingine. Halafu, polepole, akakaa chini tena, akamshusha mtoto mapajani, akanigeuzia mgongo, na akaanza kufungua kanga begani.